Tathmini ya shule ya awali tuliyomchagulia binti yetu ughaibuni, baada ya miezi mitano

Binti yetu alikuwa na umri wa miaka miwili na miezi minne tulipohama, na wiki ya sita tangu tufike alikuwa ameshaanza shule ya awali. Sasa ana miezi mitano pale, muda ninaoamini unatosha kuipima huduma kwa haki, kwa sababu wiki za kwanza hudanganya: shule mbaya huweza kupendeza kwa kuwa mtoto amepumbazwa na vitu vipya vya kuchezea, na shule nzuri huweza kuonekana jehanamu kwa kuwa mtoto analia. Sitaitaja shule yenyewe, kwani baadhi ya ninayoyaeleza ni lawama, na isitoshe anayesoma huenda amehamia nchi nyingine kabisa. Ninachokipima hasa ni kimoja, nacho ni jinsi shule inavyompokea mtoto asiyejua hata neno moja la lugha inayozungumzwa pale, na jinsi inavyomsaidia mzazi wake kuondoka.

Tulitembelea shule tatu, na karibu yote niliyojifunza kuhusu kuchagua niliyapata katika zile mbili tulizoziacha. Ya kwanza ilikuwa na jengo jipya, uwanja wenye nyasi zilizokatwa vizuri, na mkuu wa shule aliyetumia karibu nusu saa kutueleza falsafa ya malezi inayofuatwa pale. Falsafa hizo zina historia ya heshima. Mwalimu Mjerumani Friedrich Fröbel alianzisha taasisi yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na miaka mitatu baadaye akaipa jina la bustani ya watoto (Kindergarten), jina ambalo hadi leo linatumika katika lugha nyingi. Daktari Mwitaliano Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907. Na mji wa Reggio Emilia, Italia, ulifungua shule yake ya kwanza ya awali ya manispaa mwaka 1963, mwalimu Loris Malaguzzi akiwa mwasisi wa fikra zake. Mzazi mgeni ajue, hata hivyo, kwamba katika nchi nyingi mtu yeyote anaweza kulibandika jina la Montessori mlangoni pake bila kuvunja sheria, na kwamba jina la mbinu halimwambii lolote kuhusu mtu atakayempangusa mwanawe kamasi.

Nilimwuliza mkuu yule swali moja tu: siku ya kwanza mtoto akilia, mnafanyaje? Akajibu kwa tabasamu kwamba wazazi huaga mlangoni na kuondoka haraka, kwa maana kilio hukoma baada ya dakika 10. Huenda ni kweli hukoma. Lakini mtoto anayenyamaza kwa kuwa amefarijiwa na yule anayenyamaza kwa kuwa amekata tamaa hawatofautiani kwa mtu anayesikiliza nje ya mlango, na yeye hakuonyesha kwamba tofauti hiyo imewahi kumshughulisha.

Shule ya pili tuliiacha kwa hesabu. Mara ya kwanza tulialikwa saa nne asubuhi, na kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa. Siku chache baadaye mume wangu alipita saa kumi na nusu jioni kwa kisingizio cha kurudisha fomu, akamkuta mlezi mmoja na watoto wanane, mmoja wao amelala sakafuni na viatu vyake miguuni. Nchi nyingi huweka kikomo cha idadi ya watoto kwa mlezi, na kikomo hicho ndicho kitu cha kwanza cha kukitafuta katika kanuni za mahali ulipohamia. Kwa mfano, kanuni za England tangu Septemba 2023 zinaruhusu mlezi mmoja kuangalia watoto watano wenye umri wa miaka miwili, baada ya miaka mingi ya kikomo cha wanne, na ongezeko hilo la mtoto mmoja tu lilizusha ubishi mkubwa miongoni mwa wazazi na walezi. Namba pekee haitoshi. Inafaa kuuliza kama mkuu wa shule aliyejifungia ofisini naye amehesabiwa, na inafaa zaidi kwenda kujionea kwa macho saa ambazo hakuna anayependa kutembelewa, yaani asubuhi wazazi wanapoacha watoto na jioni walezi wanapokuwa wamechoka.

Ya tatu ndiyo tuliyoichagua, na kwa sura ilikuwa ya mwisho kati ya hizo tatu. Rangi ya ukutani imebambuka karibu na mlango, uwanja ni mdogo, na ngazi za kuingilia ni mtihani kwa mwenye kigari cha mtoto. Tulipoingia, mlezi mmoja alichuchumaa hadi macho yake yakalingana na ya binti yetu, akakaa hivyo kimya bila kumshika mkono, na ni baada ya mtoto kumwangalia vya kutosha ndipo alipoinuka na kutusalimu sisi. Kisha akachukua daftari akaanza kuuliza. Nyumbani mnamwitaje? Akiumia hukimbilia nini? Hulala akishika kitu gani? Na haja ndogo, yeye mwenyewe huiitaje? Nilipomwambia kwamba husema “kojo”, aliliandika neno hilo kwa herufi za lugha yake, akalitamka, akaomba nimsahihishe, akalitamka tena. Tulipotoka nje mume wangu aliniuliza kama nimeiona ile rangi iliyobambuka. Nikamwambia nimeiona.

Kabla ya siku ya kwanza tulikuwa na wiki mbili za maandalizi, na hapo sehemu ya kazi ilikuwa yetu wenyewe. Kwanza ni usingizi. Mtoto aliyevuka majira kadhaa ya saa halali kwa amri, na kumpeleka shule kabla mwili wake haujatulia ni kumtafutia ugomvi na dunia nzima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataja saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja lakini bado hajatimiza miaka mitatu, usingizi wa mchana ukiwemo. Tuliuliza mapema saa za kulala za shule, kisha tukasogeza usingizi wake wa mchana kwa robo saa kila siku hadi ukalingana na za kwao. Pili ni kuaga. Tulianza na vitu vidogo: natoka kwenda kuchukua barua chini, nasema naondoka, nasema nitarudi, narudi. Kutoroka mtoto akiwa amegeuza kichwa kunaonekana huruma, lakini kunamfundisha kwamba mzazi anaweza kutoweka wakati wowote, na mtoto ambaye juzi tu alipoteza nyumba, chumba na bibi yake aliyezoea kumwona kila siku hahitaji somo hilo.

Kuhusu makaratasi nitasema kidogo. Kadi ya kliniki itafsiriwe mapema, kwa sababu ratiba za chanjo hutofautiana baina ya nchi na baadhi ya nchi hazimpokei mtoto shuleni bila uthibitisho. Sisi tulikwama kidogo kwenye kovu la BCG lililo mkononi mwake, chanjo ya kifua kikuu ambayo huku kwetu kupya haitolewi kwa kila mtoto mchanga, na muuguzi aliyemkagua alidhani ni alama ya kuungua. Kadi ilimaliza mjadala.

Kosa letu kubwa lilikuwa nepi. Mtu fulani alituambia kwamba shule humtaka mtoto awe ameshaacha nepi, nasi bila kuiuliza shule yenyewe tukaanza kumkalisha kwenye poti mwezi uleule wa kuhama. Alikuwa ameanza kuelewa kabla hatujasafiri. Baada ya kufika alirudi nyuma, akawa anajificha nyuma ya kochi kila alipobanwa. Mkuu wa shule alipogundua tulichokuwa tukifanya alituomba tuache kwa miezi miwili, akasema kwa upole kwamba mtoto hawezi kuhama nchi, kuanza shule na kuacha nepi kwa mpigo mmoja. Shule ina meza ya kubadilishia nepi na haimkatai mtoto kwa sababu hiyo. Laiti ningeuliza.

Sasa nifike kwenye kile kilichotufanya tuichague, yaani kipindi cha kuzoea. Shule hii hufuata mtindo wa Berlin, utaratibu uliobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1980 na kuenea katika nchi nyingine. Msingi wake ni utafiti kuhusu uhusiano wa mtoto na mlezi ulioanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili John Bowlby, na kuendelezwa na mwanasaikolojia Mary Ainsworth, ambaye katikati ya miaka ya 1950 alichunguza akina mama na watoto wao nchini Uganda na kuona jinsi mtoto anavyomtumia mama kama kituo: huondoka kwenda kuchunguza mazingira, hugeuka kutazama kama mama bado yupo, hurudi, kisha huondoka tena. Kwa hiyo mtindo huu haumtenganishi mtoto na mzazi kwanza ili ndipo azoee. Humwacha ajenge kituo cha pili wakati cha kwanza bado kimeketi chumbani.

Kwa vitendo ni hivi. Siku tatu za mwanzo mzazi hukaa na mtoto darasani kwa muda wa saa moja hivi, kisha wote wawili hurudi nyumbani. Mzazi haruhusiwi kucheza sana wala kumsukuma mtoto kwa wenzake. Kazi yake ni kuwapo. Mimi nilikaa kwenye kiti cha urefu wa goti, magoti yakinifika kifuani, nikijitahidi kutokuwa na la kusema. Siku ya nne ndipo mzazi huaga na kutoka kwa mara ya kwanza, si zaidi ya nusu saa, na wenye mtindo wao wanasisitiza kwamba siku hiyo isiwe Jumatatu, kwa sababu mtoto anakuwa ametoka kwenye siku mbili za kukaa na wazazi. Mtoto akifarijika mikononi mwa mlezi, muda huongezwa siku zinazofuata. Asipofarijika ndani ya dakika chache, mzazi huitwa arudi, na jaribio lingine huahirishwa hadi wiki inayofuata.

Siku yetu ya nne ilikuwa Alhamisi. Nilimwambia ninatoka na nitarudi, nikamwachia fulana yangu kuukuu ambayo hulala nayo, nikaenda kusimama kwenye korido chini ya vishikizo vya makoti. Kila kishikizo kimebandikwa picha ya mnyama kwa ajili ya mtoto asiyejua kusoma, na chake ni bata. Nilimsikia akilia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu alipokuwa mchanga. Nikalitazama lile bata. Mlezi hakumwimbia wala hakumwonyesha midoli, nilisikia akirudia jambo moja kwa sauti ya chini, tena na tena, na baadaye niliambiwa kwamba alikuwa akisema, “Mama ametoka, unamlilia mama, mama atarudi.” Mwishoni, kwa matamshi mabovu ambayo sitayasahau, aliongeza kwa Kiswahili neno alilojifunza kwetu: “Atarudi.” Baada ya dakika saba kilio kiligeuka kwikwi. Baada ya 12 waliniita ndani, nikamkuta amekaa mapajani mwa mlezi, fulana shingoni, akivua na kuvalisha kofia ya mdoli. Ilituchukua siku 11 kwa jumla kufikia siku nzima, na mwajiri wa mume wangu hakufurahishwa na siku hizo, kwa sababu tulizigawana. Anayehama na kuanza kazi mpya azihesabu mapema. Shule inayotoa huduma hii vizuri inamdai mzazi muda wake, na huo ndio upungufu wa mtindo wenyewe kwa familia isiyo na ndugu karibu.

Ingeishia hapo, ningeipa nyota zote. Jumatatu ya wiki ya tano tulifika tukapokelewa na mwanamke ambaye hatukuwahi kumwona. Mlezi wetu alikuwa amekwenda likizo ya wiki mbili, iliyopangwa tangu miezi kadhaa nyuma, na hakuna aliyetuambia. Binti yetu alishika uzio kwa mikono miwili, tukambandua kidole kimoja kimoja. Siku hiyohiyo, kama nilivyokuja kuelezwa, alimwendea mlezi mgeni mara tatu akivuta suruali yake na kusema “kojo, kojo”, wakati huo tukiwa tumeshaanza tena habari ya poti, na mlezi akadhani anaomba kitu fulani cha kuchezea. Lile daftari lenye maneno yake lilikuwa limefungiwa kabatini ofisini. Jioni nilikabidhiwa mfuko wa plastiki wenye nguo zilizolowa na karatasi iliyoandikwa kwamba ilitokea ajali ndogo. Kwa mtoto aliyesema anachotaka mara tatu kwa ufasaha, sikuona ajali yoyote. Alikuwa amesema, hakusikilizwa kwa sababu ya daftari lililowekwa mahali pasipo pake. Alirudi kwenye nepi kwa wiki nne.

Upungufu mwingine ni mwepesi zaidi. Taarifa za siku hutumwa kupitia programu ya simu yenye tafsiri ya mashine, na Kiswahili chake ni burudani. Siku moja iliniarifu kwamba binti yangu ameokotwa na baba yake saa tisa. Nacheka, lakini taarifa za homa na upele nazo hupitia humohumo, kwa hiyo tumekubaliana kwamba jambo lolote la afya wapige simu.

Katika suala la lugha, kwa upande mwingine, sijaona shule yenye msimamo bora. Ukiliacha lile “kojo”, kwa wiki tisa binti yetu hakutamka neno darasani. Nyumbani alikuwa kasuku. Akivuka mlango ule anakuwa bubu. Ukimya huu ni wa kawaida kwa watoto wadogo wanaoingia katika lugha mpya na huweza kudumu miezi, kwa sababu mtoto anakusanya kabla ya kutumia, lakini mzazi akiuona huingiwa na hofu, na kila jirani ana ushauri. Tuliwahi kuambiwa, tena na mtu mwenye elimu, tuache Kiswahili nyumbani ili asichanganyikiwe. Mlezi wake alitukataza. Alisema lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema, mradi maneno yake yahesabiwe katika lugha zote mbili kwa pamoja, na kwamba mzazi anayemsemesha mtoto kwa lugha asiyoimudu humpunguzia maneno badala ya kumwongezea. Yeye mwenyewe alikuwa na orodha ya mambo ambayo binti yetu anayaelewa bila kuyasema: kwenda kunawa anapoambiwa, kuleta viatu, kumpa mwenzake zamu. Wiki ya kumi mvulana mmoja alimnyang'anya ndoo mchangani, naye akatoa neno lake la kwanza la lugha ile, kwa sauti iliyowafikia walezi waliokuwa dirishani: hapana. Niliandikiwa ujumbe saa ileile, na safari hii tafsiri ya mashine haikuharibu kitu.

Jambo moja ambalo shule ilitutahadharisha mapema, nami nikalidharau, ni jioni. Mtoto aliyejizuia siku nzima katika lugha asiyoielewa huileta hasira yote nyumbani. Kuna siku alilia dakika 40 kwa sababu nilifungua mlango ambao alitaka kuufungua yeye. Tuliacha kupanga lolote kati ya kutoka shule na kulala. Hakuna kwenda dukani, hakuna wageni, na simu ya video kwa bibi ikahamia Jumamosi asubuhi.

Kwa hiyo nyota ninazoipa ni nne kati ya tano. Inamfaa mtoto aliye chini ya miaka mitatu na mzazi anayeweza kujitenga na kazi kwa wiki mbili au tatu. Asiyeweza atachoka, na pengine atamlaumu mlezi kwa utaratibu ambao hakuuelewa tangu mwanzo. Nyota ya tano niliizuia kwa sababu ya ile likizo, na niliwaandikia barua kusema hivyo. Jibu lilichukua siku 10, lilikuwa fupi, na halikuwa na radhi niliyoitarajia. Wiki iliyofuata, lakini, tulikuta mlangoni ubao mpya uliowekwa chini kabisa, kwenye urefu wa macho ya mtoto, wenye picha za walezi watakaokuwapo wiki hiyo, na kando yake daftari la maneno ya watoto wageni likining'inia kwa kamba. Binti yetu huigonga kwa kidole pua ya mlezi wake pichani, kisha huingia.